Nyambizi U-505, Chicago: nenda, na ununue tiketi ya kuingia ndani

Niseme mapema kwa ajili ya mwenye haraka: nenda. Ukifika Chicago ukawa na siku moja tu ya kutembea, ipeleke kusini mwa jiji, kwenye Makumbusho ya Sayansi na Viwanda ya Griffin, ukaione nyambizi ya Kijerumani U-505 ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyotekwa na Wamarekani mwaka 1944. Na usiridhike na kiingilio peke yake. Tiketi ya kuingia ndani ya chombo hulipiwa kando na huwa na saa yake. Hiyo ndiyo ya kununua. Kuizunguka kwa nje halafu ukaondoka ni sawa na kufika mlangoni kwa mtu ukageuza bila kubisha hodi.

Mimi ni mtu wa injini za meli. Kazi yangu ni chini ya sitaha, kwenye joto na kelele, na chombo chochote nikikiona swali langu la kwanza ni nani alikitunza na alikitunza vipi. La nahodha huja baadaye. Kwa hiyo usitegemee hapa uchambuzi wa mtaalamu wa vita. Nilikwenda kama fundi anayetazama kazi ya mafundi wenzake, na nimetoka na jambo moja ambalo sikulisikia kwa mtu kabla ya kwenda: nyambizi hii ipo leo kwa sababu, kila ilipokaribia kupotea, palikuwa na mtu aliyejua mabomba yake na mashine zake.

Ukumbi wenyewe uko chini ya ardhi. U-505 ilikaa nje ya jengo, kwenye mvua na theluji, tangu 1954 hadi 2004, ndipo ikahamishwa na kuteremshwa kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili yake. Onyesho jipya likafunguliwa 2005. Unapoingia huioni mara moja. Unapitishwa kwanza kwenye njia yenye picha na sauti za Vita vya Atlantiki, mpaka njia inapinda na omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, inakutokea mbele yako, nyeusi kijivu, imekaa juu kuliko kimo chako mara kadhaa. Ina urefu wa mita 76 na ushei, tani 1,120 ikielea na tani 1,232 ikiwa imezama. Hakuna picha inayokuandaa kwa ukubwa huo, na usipoangalia utatumia dakika zako zote hapo ukipiga picha. Pita chini yake taratibu, nenda mpaka tezi, sehemu ya nyuma, uzitazame rafadha zake mbili, zile panga zinazozunguka kuisukuma. Rafadha hizo zina kisa chake, nitakifikia.

Ilijengwa Hamburg kwenye karakana ya Deutsche Werft, ikateremshwa majini Mei 24, 1941, na kukabidhiwa jeshi la majini Agosti 26 mwaka huohuo. Ni ya aina IXC, yaani aina ya safari ndefu. Ikiwa juu ya maji kwa mwendo wa maili 10 za baharini kwa saa, ilikuwa na mafuta ya kuipeleka maili 13,450. Ikizama, betri ziliipa maili 63 tu kwa mwendo wa maili nne kwa saa, basi. Hesabu hizo mbili zikae kichwani unapotembea humo, maana ndizo zinazoeleza maisha yote ya wale watu: muda mwingi walikuwa juu wakichoma dizeli na kuchaji betri, wakitazama anga kwa hofu, na kuzama kulikuwa kwa kujificha au kuvizia.

Kamanda wa kwanza, Axel-Olaf Loewe, aliitoa Kiel Januari 1942 akaipeleka Lorient, bandari ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, na Februari akashika njia ya Afrika Magharibi. Machi 5 akaizamisha Benmohr ya Uingereza, kesho yake meli ya mafuta Sydhav ya Norway, Aprili 3 West Irmo ya Marekani, Aprili 4 Alphacca ya Uholanzi. Majina haya husomwa harakaharaka na kujumlishwa kwa tani. Mimi nilibaki kwenye West Irmo. Meli ile ilikuwa na makuli wa Afrika Magharibi, watu wa kupakia na kupakua waliokuwa wakisafiri nayo kwenye pwani, na topido ilipoingia, baadhi yao walikufa. Makuli na mabaharia Waafrika wa vita ile hutajwa kwa nadra sana. Nawataja hapa kwa sababu mtu anayesoma kwa Kiswahili kuhusu nyambizi ya Kijerumani asije akadhani kwamba ilikuwa ni shughuli ya Wazungu watupu, mbali kule, kwenye maji ya baridi. Walikuwa kwenye maji ya Afrika Magharibi.

Safari iliyofuata ikawa upande wa pili wa Atlantiki: Sea Thrush na Thomas McKean, zote za Marekani, mwishoni mwa Juni 1942, kisha Julai 22 Roamar, chombo cha matanga cha Colombia, kilichopigwa kwa mzinga wa sitahani. Hizo zikawa saba. Loewe akaugua kidole tumbo, akairudisha nyumbani, na hakuamrishwa tena juu yake.

Akaja Peter Zschech, kijana wa miaka 23 wakati anakabidhiwa. Novemba 7, 1942, karibu na Trinidad, akaizamisha Ocean Justice ya Uingereza. Hiyo ilikuwa meli ya nane na ya mwisho kwa U-505, jumla kama tani 45,000. Baada ya hapo nyambizi hii haikuzamisha chombo kingine chochote mpaka ilipotekwa, na kwangu historia yake ya kweli inaanzia hapo.

Siku tatu baadaye, Novemba 10, ndege ya Hudson ya kikosi cha 53 cha Uingereza, ikirushwa na Mwaustralia Ronald Sillcock, ilitoka mawinguni ikiwa chini sana, ikadondosha mabomu. Moja lilitua kwenye sitaha nyuma ya mnara. Mlipuko ukaipasua sitaha, ukang'oa mzinga wa kupigia ndege, ukabomoa mabati ya ubavu, na kwa ukaribu ule ukaiangusha na ndege yenyewe. Sillcock na wenzake wote wakafa. Ndani ya nyambizi maji yalikuwa yakiingia chumba cha injini, kamanda akatoa amri ya kuiacha. Mafundi wakakataa. Walibaki chini kuziba na kupampu, na kwa karibu wiki mbili, katikati ya bahari yenye ndege za adui, wakaitengeneza mpaka ikaweza tena kuzama kidogo na kwenda mbele. Ikaingia Lorient Desemba 12. Wanahistoria wengi wa vita ile huihesabu kuwa nyambizi iliyoumizwa kuliko zote zilizowahi kurudi bandarini.

Sasa, ukiingia ndani ya chombo, kisa hiki ubebe nacho. Ziara ni ya kundi dogo lenye mwongozaji, na ni fupi, haifiki nusu saa. Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya utulivu aliyejua kungoja watu wamalize kushangaa ndipo aseme. Huingii kwa ngazi ya mnara kama mabaharia wenyewe. Tundu lilikatwa ubavuni ili wageni wapite. Kwa mtu wa meli inauma kuona ubavu wa shinikizo, ule unaohimili uzito wa maji, umetobolewa, lakini bila hilo wazee na watoto wasingeingia kabisa, kwa hiyo nimelikubali.

Harufu ya mafuta bado ipo. Vitanda havikutosha idadi ya watu, walilala kwa zamu, unapanda kitandani kwenye joto la mwenzako aliyeondoka. Mwanzo wa safari vyakula vilijazwa kila penye nafasi, na choo kimoja kati ya viwili kikageuzwa stoo. Kitanda cha kamanda kinatengwa kwa pazia tu, mkabala na chumba cha redio na kile cha kusikilizia sauti za majini, ili asikie kila kinachosikika hata akiwa amelala. Mpango huo ni wa busara sana, na ni wa kikatili. Mtu hawezi kupumzika mahali pale.

Chumba cha uendeshaji ndipo kundi zima linanyamaza. Pande zote ni magurudumu ya valvu, makubwa kwa madogo, geji, mabomba yaliyopangwa kwa utaratibu ambao ukiutazama kwa dakika moja unaanza kuuelewa: hili la kujaza tangi, lile la kupuliza hewa, hili la kusawazisha uzito. Taa zikapunguzwa, sauti ya mabomu ya majini ikawekwa. Wapo wanaoona mambo hayo ni ya kitoto. Kwangu yalifanya kazi yake, kwa sababu Oktoba 24, 1943, wakati mabomu hayo yakilipuka kweli, Zschech alijipiga risasi humu ndani mbele ya watu wake. Alikuwa na miaka 25. Msaidizi wake, Paul Meyer, akashika uongozi, akaikwepesha na kuirudisha Lorient.

Ili kuelewa kilichomfikisha pale, lazima ujue mwaka wake wa 1943. Matengenezo ya bomu la Trinidad yalichukua kama nusu mwaka. Kisha, kila alipotoka, alirudi. Kuanzia Julai hadi Septemba alijaribu mara kadhaa, na kila mara kitu kiliharibika: mashine zinavuja, viungo haviko sawa, na safari moja tangi la mafuta likaonekana limetobolewa tundu dogo lenye unene wa penseli, linalochora mstari wa mafuta juu ya maji kwa ajili ya ndege za doria. Ilikuwa kazi ya wafanyakazi Wafaransa wa karakana ya Lorient. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na drili na ujuzi wa kufanya kazi mbovu ionekane nzuri kwa macho ya mkaguzi. Wakigundulika, walikuwa wanauawa.

Kama ningeulizwa niongeze nini kwenye simulizi ya nyambizi hii, ningewaongeza hao, kwa herufi kubwa. Kila siku U-505 iliyokaa chelezoni ilikuwa siku ambayo meli fulani ilipita salama. Na ni siku ambazo mabaharia wake wenyewe walipona, maana nje kule nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinakwisha. Mei 1943 peke yake zilipotea zaidi ya 40. Kati ya watu wapatao 40,000 waliotumikia nyambizi hizo vita nzima, takriban 30,000 hawakurudi. Waliokuwa wakiudhika Lorient kwa sababu tangi linavuja hawakujua kwamba wanaokolewa.

Nikirudi kwenye ziara: baada ya chumba cha uendeshaji unafika kwenye dizeli. Hapa nitakuomba uvumilivu. Ni injini mbili za MAN, silinda tisa kila moja, zimesimama kushoto na kulia na kati yake pana njia ya mtu mmoja. Kila moja ilitoa nguvu farasi 2,200. Valvu na mikono yake ya kuzisukuma iko wazi juu ya silinda hedi, kwa hiyo fundi wa zamu aliweza kutembea kati yake akisikiliza na kugusa kwa mkono, ajue ipi ina joto kupita kiasi kabla geji haijasema. Nilitazama sehemu za kufikia pampu za mafuta: zimewekwa mahali ambapo mkono unafika bila kufungua nusu ya injini. Aliyezichora alikuwa amewahi kushika spana. Niliwahi kufanya kazi kwenye meli za miaka ya karibuni zaidi ambazo hazina heshima hiyo kwa fundi. Mwongozaji alitaja nguvu farasi na joto la chumba, akasonga mbele. Mimi ningekaa hapo mchana kutwa.

Na sasa Juni 4, 1944, ambayo ndiyo inayowaleta watu wengi. Kamanda wakati huo ni Harald Lange, mtu mzima wa miaka 40, mkubwa kwa umri miongoni mwa makamanda wa nyambizi. Desemba 1943 alikuwa amewaokoa mabaharia Wajerumani 34 wa manowari T25, iliyozamishwa na Waingereza kwenye Ghuba ya Biscay, na Machi 1944 akatoka Brest kwenda tena pwani ya Afrika Magharibi. Alikuwa anarejea wakati kikosi cha Wamarekani, kikiongozwa na Kapteni Daniel Gallery kwenye meli ya kubebea ndege Guadalcanal na manowari tano za kusindikiza, kilipomgundua nje ya pwani ya Sahara. Sonari, yaani chombo cha kutambua vitu majini kwa sauti, ya Chatelain, mojawapo ya manowari hizo, ilimpata saa tano asubuhi. Ndege zikapiga risasi majini kuonyesha alipo, mabomu yakadondoshwa, usukani wake ukakwama, na dakika chache baadaye U-505 ikaibuka. Lange alijeruhiwa, akaamuru watu waiache na izamishwe. Kati ya watu 59 akafa mmoja, Gottfried Fischer. 58 wakatolewa majini.

Nyambizi ikabaki inazunguka peke yake, mashine zikifanya kazi, tezi inazama. Mashua kutoka Pillsbury, manowari nyingine ya kikosi hicho, ikaikimbiza. Luteni Albert David, akifuatwa na Arthur Knispel na Stanley Wdowiak, akateremka kwenye mnara bila kujua kama chini kuna mtu mwenye bunduki au baruti inayosubiri dakika. Hakuna shujaa anayehitaji ushahidi zaidi ya huo. David alipewa Medali ya Heshima, nishani kubwa kuliko zote za Marekani, lakini alifariki Septemba 1945 kabla ya kuvalishwa.

Ila ushujaa hauzibi tundu. Kwenye chumba cha uendeshaji kilichokuwa kinaizamisha ni mfuniko wa chujio la maji ya bahari, uliofunguliwa makusudi. Hans Goebeler, fundi wa chumba hicho upande wa Wajerumani, alisimulia baadaye kwamba ni yeye aliyeufungua na kuutupa. Zenon Lukosius, Mmarekani wa kundi la David, akauona umelala karibu, akaurudisha mahali pake, akakaza. Maji yakasimama. Ungeviringika hatua chache na kutumbukia chini ya sakafu za bati, tusingekuwa na cha kutazama Chicago. Nilimwomba mwongozaji anionyeshe mahali penyewe, akaonyesha kwa tochi, na watu wawili nyuma yangu wakainama nao kuangalia.

Kisha kisa cha rafadha. Aliyeitwa kuiokoa nyambizi isizame usiku ule ni Earl Trosino, mhandisi mkuu wa Guadalcanal, mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye meli za mafuta za kiraia na hakuwa mtu wa nyambizi. Alitambaa chini ya injini, kwenye maji machafu na mafuta, akifuata bomba kwa bomba ajue linatoka wapi na linakwenda wapi, akifunga valvu moja baada ya nyingine. Hakuruhusiwa kuwasha dizeli. Betri zilikuwa zimekwisha, na bila umeme pampu za nyambizi hazifanyi kazi. Basi akaifungua klachi inayounganisha dizeli na mota za umeme, akaomba ivutwe kwa kasi zaidi. Maji yakazizungusha rafadha, rafadha zikazungusha shafti, shafti zikazungusha mota, na mota ikizungushwa kwa nguvu ya nje huwa jenereta. Betri zikaanza kuchaji. Akawasha pampu za nyambizi yenyewe, akatoa maji, tezi ikainuka.

Nilipolielewa jambo hili nimesimama kando ya zile mota, nilihisi kama nimeshikwa mkono na mwenzangu. Mtu hajui lugha ya vibao, hajawahi kufundishwa chombo kile, adui anaweza kuwa ametega baruti popote, na bado anaiuliza mashine yenyewe inavyofanya kazi, na mashine inamjibu. Ukienda, na usikumbuke kitu kingine katika maelezo yangu, kumbuka kurudi nje baada ya ziara uzitazame zile rafadha mbili tena ukijua kwamba kwa siku chache ndizo zilizokuwa mtambo wa umeme wa chombo hiki.

Ikavutwa hadi Bermuda, ikafika Juni 19. Humo ndani walikuta mashine mbili za Enigma, za kuandikia ujumbe wa siri, vitabu vya siri za mawasiliano na nyaraka za uzito wa kama kilo 400, pamoja na topido za kufuata sauti. Enigma ipo kwenye onyesho, ndani ya kioo, ndogo kuliko unavyodhani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1815 kwa jeshi la majini la Marekani kuteka manowari ya adui baharini, na Admirali Ernest King, badala ya kufurahi, alikasirika: zilibaki siku mbili Marekani na washirika wake waivamie pwani ya Normandy, Ufaransa, na Wajerumani wangejua tu kwamba nyambizi imetekwa, wangebadilisha siri zao zote. Watu wapatao 3,000 wa kikosi cha Gallery wakaapishwa kunyamaza, wakanyamaza kweli.

Bei ya siri hiyo ililipwa na wengine. Mateka 58 walipelekwa Camp Ruston, Louisiana, wakatengwa na mateka wengine, na Shirika la Msalaba Mwekundu halikuruhusiwa kuwafikia. Ujerumani, wake na mama zao wakaarifiwa kwamba wamekufa. Wengine hawakurudi nyumbani mpaka 1947. Naelewa sababu ya siri, na aliyekuwa na ndugu kwenye fukwe za Normandy angeielewa zaidi. Lakini sheria za vita ziliahidi mateka haki ya kutoa habari zake kwao, na ahadi hiyo haikutimizwa. Mama aliyemlilia mwanawe aliye hai hahusiki na kosa la Hitler. Namheshimu sana Gallery, na hili nalisema vilevile.

Jinsi ilivyofika Chicago kunastahili dakika zako ukiwa kwenye ukumbi. Baada ya vita iliachwa Portsmouth, New Hampshire, ikichunwa vipuri, ikingoja kuharibiwa. Gallery alikuwa mtoto wa Chicago. Ndugu yake, padri John Gallery, akawasiliana na mkuu wa makumbusho, Lenox Lohr. Wakazi wa Chicago wakachanga dola 250,000, ikavutwa kupitia Mto St. Lawrence na Maziwa Makuu mwaka 1954, ikavushwa barabara ya Lake Shore Drive usiku ikiwa imefungwa kwa ajili yake, na Septemba 25 ikawekwa rasmi kuwa kumbukumbu ya mabaharia waliokufa kwenye Atlantiki. Vipuri vilivyokuwa vimechomolewa viliombwa kwa makampuni ya Ujerumani yaliyovitengeneza, nayo yakavileta bure, yakisema kwamba ikiwa itakaa pale miaka mingi basi afadhali ionekane vizuri. Hilo nimelipenda. Fundi hapendi kazi yake ionekane na mapengo, hata ikiwa kwenye nyumba ya aliyemshinda.

Kwa watoto pana kifaa cha kujaribu kuizamisha nyambizi na kuisawazisha, na vitanda vya kujilaza uone ufinyu wake. Vijana niliowakuta hapo hawakutaka kuondoka. Mwenye kuogopa sehemu finyu asijilazimishe kuingia chomboni: njia ni nyembamba, dari iko chini, na ziara ikishaanza unakwenda na kundi. Onyesho la nje bado litamtosha kwa saa mbili. Mwenye magoti mabovu avae viatu visivyoteleza.

Kasoro kwangu ni muda tu. Nusu saa ndani ya chombo kama hiki haimtoshi mtu mwenye maswali, na ningelipa zaidi kwa ziara ndefu ya vyumba vya mashine pekee. Mpaka itakapokuwepo, fanya hivi: agiza tiketi ya ndani kabla ya kufika, chagua ziara ya kwanza ya asubuhi wakati kundi ni dogo, na ukae nyuma kabisa ya mstari. Mkifika kwenye dizeli, wa nyuma ndiye anayebaki nazo muda mrefu kuliko wote.